Trei ya Kushoto

Barua ilisema lazima. Chini, kwa wino mwekundu:
asiyehudhuria atajieleza kwa maandishi.
Basi Jumamosi tukajaa ukumbi wa wilaya, Mbale,
makarani, mabwana shamba, wakunga, askari wa lango,
kila mmoja na soda yake na uso wa kulipa faini.
Dirishani, Wanale ilikuwa imeanika maporomoko yake
kama mashuka ya hospitali.

Mkufunzi, Bi Kemirembe, aliandika ubaoni:
UPENDELEO USIOJITAMBUA.
"Nyani," akaanza, nasi tukammalizia kwa kicheko,
methali hiyo tumeinyonya.
Akangoja kicheko kikauke.
"Sasa kila mtu ageuke kidogo
amtazame yule aliyemfikiria."
Nilikuwa nimemfikiria Wamimbi wa Ardhi.
Wamimbi alikuwa ananitazama mimi.

Kisha karatasi. Majina kumi na mawili,
hayana sura, hayana umri, hayana kijiji.
Kando ya kila jina, neno la kwanza linalokujia. Haraka.
Mimi karani wa vizazi na vifo, miaka ishirini na miwili,
nani wa kunishinda kwa kusoma majina?
Kalamu ilikwenda yenyewe,
punda anayejua njia ya nyumbani.
Hakuzikusanya. "Nendeni nazo," alisema.
Niliikunja yangu mara nne, nikaitia mfuko wa shati.
Tukasaini posho. Tukapigwa picha na vyeti.

Jumatatu.
Mezani kwangu zipo trei mbili.
Ya kulia: Tayari. Ya kushoto: Chunguza.
Hakuna waraka uliosema faili ipi iende wapi.
Ni mkono tu, mkono wangu huu,
ambao kanisani hupewa kapu la sadaka.
Niliimwaga ya kushoto, nikasoma kwa sauti:
Lokiru. Lomilo. Longoli. Nachap. Lomuria. Nakiru.
Faili arobaini na moja. Thelathini na sita
za watu walioshuka Karamoja, wanaolala Namatala,
na nakala zote zimo, na picha mbili mbili zimo,
na saini, na dole gumba pale pasipo saini.
Nilitafuta upungufu hadi saa ya chai.

Nakiru, Agnes.
Nilimwambia, leta barua ya mwenyekiti. Akaleta.
Leta shahidi. Akaleta wawili, mmoja kiwete.
Nikamwambia, njoo kesho.
Kesho akaja, na mtoto,
ambaye kwa daftari langu bado hajazaliwa,
akapenyeza mkono kwenye tundu la dirisha
akanishika kidole.
Nilikichomoa. Nilikuwa na kazi.

Mama yangu anaitwa Nandutu.
Silabi ya kwanza ni ileile. Na.
Ile ya darasa la kwanza, ubaoni, kwa chaki:
baba na mama, chumvi na mafuta.
Mlimani inafungua jina, nyikani inafungua jina.
Ya kwetu niliisikia ufunguo. Ya kwake, komeo.

Nikachukua muhuri. Kidau kilikuwa kimekauka;
nikautemea mate kama mtoto wa shule, nikagonga.
Nambari aliyoiacha ni ya mwenye kinu cha unga.
"Nakiru yupi?" akauliza, mashine ikinguruma nyuma yake.
"Hawa watu wenyewe hawakai mahali.
Piga kesho, labda."
Akakata. Nilibaki na simu sikioni.
Sauti ile naijua. Imekula mshahara wangu
miaka ishirini na miwili.

Sasa cheti cha mtoto kimo mfukoni
pamoja na ile karatasi niliyoikunja.
Saa saba nitafunga dirisha.
Namatala si mbali kwa mguu.
Sijui nitamwulizia kwa nani,
wala, wakiniuliza mimi ni nani,
ni neno gani la kwanza litakalowajia.